Kinywa Kimoja, Mazoea Mengi

Mhadhara wa wazi juu ya viungo vya usemi, kwa walimu na wazazi wa Tarime na Serengeti



Nitalisema jambo langu mapema, ili atakayewahi gari asiondoke bila kulisikia. Katika wilaya zetu hizi mbili tuna desturi ya kucheka kisichohitaji dawa na kunyamazia kinachohitaji dawa. Mtoto wa Kikurya akisimama darasani akasema "nimekura ugari", darasa zima huangua kicheko, na mara nyingine mwalimu ndiye anayeanza. Mtoto mwingine, ambaye maneno yake yote hutokea puani kwa sababu kaakaa lake lina tundu, huyo tunasema ndivyo alivyoumbwa, na habari zinaishia hapo. Wa kwanza hana ugonjwa wowote. Wa pili ana kasoro inayotibika. Tofauti kati yao haionekani kwa kusikiliza tu. Lazima tuingie ndani ya mwili, tuanze mapafuni na kuishia midomoni, tuone usemi unatengenezwa vipi.

PUMZI

La kwanza la kulijua ni kwamba karibu hakuna kiungo tulichopewa kwa ajili ya kusema tu. Mapafu kazi yake ni kuipa damu oksijeni. Zoloto, lililo juu ya bomba la hewa, kazi yake ya asili ni kuzuia chakula na maji visiingie mapafuni. Ulimi na meno ni vya kulia. Usemi umeazima viungo vya kazi nyingine na kuvipa kazi ya pili. Uazimaji huo una gharama yake: hewa na chakula vinapita njia moja kooni, na anayecheka huku akimeza hupaliwa. Kidakatonge hujikunja kufunika njia ya hewa wakati wa kumeza, nalo zoloto hupanda juu. Lakini vyote viwili vinataka tuache kusema kwanza. Mama zetu wanaotukataza kuongea na tonge mdomoni hufundisha adabu na fiziolojia kwa pamoja.

Tukikaa kimya, kuvuta pumzi na kuitoa hakupishani sana: kuvuta huchukua kama asilimia 40 ya muda wa kila pumzi. Tukianza kusema, hesabu inabadilika. Tunavuta upesi, kwa kama asilimia 10 tu ya muda, kisha tunaitoa hewa polepole, kwa kipimo. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hushuka. Misuli ya katikati ya mbavu hupanua kifua. Halafu misuli hiyohiyo huendelea kushikilia ili hewa isitoke yote kwa mara moja. Nguvu inayotumika katika mazungumzo ya kawaida ni ndogo mno: ni shinikizo la kuinua maji katika mrija kwa sentimita 5 hadi 10. Mpiga debe wa stendi anatumia kubwa zaidi ya hiyo, na jioni koo lake humlipisha.

ZOLOTO NA NYUZI ZA SAUTI

Sasa naomba kila mmoja aweke kidole shingoni, pale mbele, kwenye kikoromeo. Tamkeni "sss". Kimya. Tamkeni "zzz". Mmesikia mtetemo? Ulimi haukuondoka mahali pake, meno hayakusogea. Kilichobadilika kiko chini ya kidole chako.

Ndani ya zoloto mna mikunjo miwili ya nyama laini iliyolala kutoka mbele kwenda nyuma. Wataalamu wetu wa isimu wanaiita nyuzi za sauti. Kwa mbele zimeshikana na gegedu kubwa, ambalo ndilo kikoromeo. Kwa nyuma kila moja imeshikana na gegedu dogo linaloweza kuzunguka. Magegedu hayo madogo yakiachana, njia inakuwa wazi na tunapumua au tunatamka "s". Yakikutana, nyuzi hufunga njia. Hewa kutoka mapafuni husukuma kutoka chini hadi nyuzi ziachane. Hewa ikipita kwa kasi, unyumbufu wa nyuzi na kupungua kwa shinikizo huzirudisha pamoja. Halafu zinasukumwa tena. Kwa mwanamume mtu mzima mzunguko huo hutokea kati ya mara 100 na 130 hivi kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200, na kwa mtoto mdogo hufika mara 300. Hakuna misuli inayoweza kuamriwa na ubongo, pigo kwa pigo, kwa kasi hiyo. Mholanzi Janwillem van den Berg alilieleza hilo mwaka 1958: ubongo huzikutanisha nyuzi na kuzikaza, hewa hufanya yaliyobaki.

Mtu wa kwanza kuziona nyuzi hizi zikifanya kazi ndani ya binadamu aliye hai hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, Mhispania aliyefundisha Paris na London. Mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua akalichungulia koo lake mwenyewe. Mwaka uliofuata kazi yake hiyo iliwasilishwa kwa wanasayansi wa London, na madaktari wa koo wanaitumia njia yake hadi leo.

Kwa Wakurya somo hili lina mfano ulio tayari, nao ni litungu, ala ya nyuzi. Mpigaji anajua kwamba uzi uliokazwa hulia juu, uzi mrefu na mnene hulia chini. Ndivyo ilivyo shingoni. Nyuzi za mwanamume zina urefu wa milimita 17 hadi 25, za mwanamke milimita 12 hadi 17. Mvulana akibalehe, homoni hulikuza zoloto lake, nyuzi zinarefuka na kuwa nene, na kwa miezi kadhaa sauti humkatikia mdomoni. Tena mpigaji anajua kwamba uzi mtupu, bila kasha lililowambwa ngozi, hausikiki mbali. Kasha letu ni koo, kinywa na pua. Hapo mfano unakomea, kwa sababu kasha la litungu lina umbo moja tangu lilipochongwa, na letu hubadilika umbo mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mabadiliko hayo ndiyo maneno.

JIRANI ZETU WA HIFADHINI

Watu wa Mugumu, Natta na Ikoma wanalala wakisikia sauti nyingine zaidi ya zetu. Ngurumo ya simba inaweza kusikika umbali wa kilomita 8. Mwaka 2011 Sarah Klemuk, Ingo Titze na wenzao walionyesha kwamba siri ya simba iko katika umbo la nyuzi zake: mafuta yaliyo ndani yake huzifanya ziwe bapa upande zinapokutana, kwa hiyo anapata sauti kubwa bila kusukuma hewa kwa nguvu nyingi.

Tembo ana nyuzi za karibu sentimita 10, na baadhi ya miito yake hutetema chini ya mara 20 kwa sekunde, kina ambacho sikio la binadamu halikifikii. Mwaka 2012 Christian Herbst na wenzake walichukua zoloto la tembo aliyekufa kifo cha kawaida katika bustani ya wanyama ya Berlin, wakapuliza ndani yake hewa yenye uvuguvugu na unyevu. Likalia. Hapakuwa na ubongo wala neva, na nyuzi zilitetema kwa utaratibu uleule wa binadamu.

Twiga naye anatufundisha kuhusu neva. Neva inayoendesha misuli ya zoloto haitoki kichwani ikaingia zolotoni moja kwa moja. Upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, huzunguka mshipa mkuu wa damu karibu na moyo, kisha hupanda tena shingoni. Kwa twiga safari hiyo ni mita kadhaa, ingawa ubongo na zoloto havikai mbali. Kwetu ni fupi, lakini njia ni ileile, na nitakapofika kwenye magonjwa mtaona kwa nini ina maana. Galeni, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliikata neva hiyo ya nguruwe mbele ya watu huko Roma, na nguruwe akanyamaza palepale.

Je, nyani na tumbili hawasemi kwa sababu koo zao ni mbovu? Ndivyo vitabu vingi vilivyofundisha. Mwaka 2016 Tecumseh Fitch na wenzake walipiga picha za eksirei za tumbili mmoja wa jamii ya makaku akila, akilia na kupiga miayo, wakakokotoa maumbo ambayo kinywa chake kinaweza kufanya. Walikuta kinywa hicho kingeweza kutoa irabu za kutosha kwa lugha. Kilichokosekana ni ubongo wa kukiendesha. Likumbukeni jambo hili: hata kwa mnyama, kinywa si kikwazo. Itakuwaje tukiseme kinywa cha mtoto wa jirani?

KINYWA NA IRABU

Sauti inayotoka zolotoni, kabla haijapita kinywani, ni mlio tu. Haina "a" wala "i". Mswidi Gunnar Fant, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alieleza kihesabu jinsi mlio huo unavyogeuka irabu: mfereji wa sauti, wenye urefu wa kama sentimita 17 kwa mwanamume, hukuza baadhi ya mawimbi na kufifisha mengine kulingana na umbo lake. Ukibadili umbo, umebadili irabu.

Fundi mkuu wa kubadili umbo ni ulimi. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, wakimaanisha kwamba hautabiriki. Daktari atawaunga mkono kwa maana yake mwenyewe: ulimi karibu wote ni misuli, inayopita kwa urefu, kwa upana na kwenda chini, na ujazo wake haubadiliki. Ukiubana upande mmoja, unafura upande mwingine. Ukiinuliwa mbele, tunapata "i". Ukivutwa nyuma na juu, midomo ikiviringwa, tunapata "u". Taya likishuka na ulimi ukilala, tunapata "a".

Kiswahili kinatumia vituo vitano vya irabu. Kikurya kinatumia saba, na vivyo hivyo Kiikoma na Kinata: ziko "e" mbili na "o" mbili, moja ulimi umepanda zaidi, moja umeshuka zaidi. Wajaluo wa Rorya, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime hadi mwaka 2007, wana irabu tisa, na njia yao ni nyingine. Wao husogeza shina la ulimi mbele, nafasi ya koo ikapanuka, au huliacha nyuma ikabana. Leon Jacobson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alilichunguza hilo kwa picha za eksirei katika utafiti wake wa mwaka 1978.

Kwa hiyo mtoto wa Sirari anayeingia darasa la kwanza hajaja na upungufu. Irabu za Kiswahili ni chache kuliko alizo nazo nyumbani.

BHOKE, GHATI NA SIRARI

Tuje kwenye konsonanti, ambako ndiko kicheko kinakoanzia.

Chukueni daftari la mahudhurio la shule yoyote ya Tarime. Mtakuta Bhoke, Ghati, Rhobi. Hiyo "h" ya Bhoke na Ghati haikuwekwa kwa urembo. Aliyeiandika alisikia kitu ambacho "b" na "g" za kawaida hazikitoshelezi. Katika "b" ya Kiswahili midomo hufungwa kabisa, hewa ikajikusanya nyuma yake, ndipo ikaachiwa. Tena wasemaji wengi hushusha zoloto kidogo wakati huo. Wekeni kidole kwenye kikoromeo mseme "baba", wengine wenu mtasikia kikishuka. Katika "bh" ya Bhoke midomo husogeleana bila kugusana sawasawa, na hewa hupita katikati kwa msuguano. "Gh" ya Ghati hufanya hivyohivyo kule nyuma, kati ya sehemu ya nyuma ya ulimi na kaakaa laini.

Sasa angalieni jambo ambalo hatulisemi darasani. Watanzania wengi wa bara husema "luga" badala ya lugha, "gali" badala ya ghali, "gorofa" badala ya ghorofa. Mtoto wa Kikurya sauti hiyo anayo tangu titi la mama. Mbona hapo hatumpigii makofi?

Tuje kwenye "l" na "r". Kikurya kina "r" ya kupiga mara moja: ncha ya ulimi hugusa ufizi na kuondoka, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Semeni "Sirari" mtaihisi mara mbili. "L" hakina. Katika "l" ncha ya ulimi hugusa palepale ufizini, lakini hukaa, na mbavu za ulimi hushuka ili hewa ipite pembeni. Mahali ni pamoja, hewa ni moja, nyuzi za sauti zinatetema vilevile. Kinachotenganisha "kura" na "kula" ni mbavu za ulimi na muda wa mguso. Anayeikosa tofauti hiyo hana ulimi mzito. Lugha yake ya kwanza haikuwahi kumdai aitunze.

Walimu, jaribuni njia hii badala ya kicheko. Mwambieni mtoto aweke ulimi mahali pa "l", asiuondoe, kisha avute hewa ndani. Atahisi ubaridi pande mbili za ulimi. Sasa atoe sauti bila kusogeza ulimi, airefushe: "llll". Haiwezekani kuirefusha hivyo "r" ya Kikurya, kwa sababu yenyewe ni pigo. Mtoto akishajua kwamba moja inakaa na nyingine inapiga, amepata ufunguo; kinachofuata ni mazoezi.

Tena mabadiliko ya sauti mara nyingi ni mwili kutafuta urahisi. Sote tunasema mti mrefu, lakini nyumba ndefu. Ulimi mmoja, lakini ndimi mbili. "R" na "l" zilikwenda wapi? Katika "n" ncha ya ulimi imekwisha kufunga njia kwenye ufizi na kaakaa laini limeshuka ili hewa itoke puani. Sauti inayofuata ikianza na ulimi uliokwisha funga, hutokea "d" yenyewe. Kikurya hufanya hivyohivyo: "r" ikitanguliwa na "n" huwa "nd". Wasemaji wa lugha hizi mbili wanacheza mchezo mmoja.

TONI

Kuna msuli mdogo unaounganisha gegedu la kikoromeo na gegedu lenye umbo la pete lililo chini yake. Ukikazwa, nyuzi za sauti hunyooshwa na sauti hupanda. Kiswahili hutumia kupanda na kushuka huko kwa swali, kwa hasira, kwa mshangao. Kikurya hukutumia ndani ya sarufi. Leonard Chacha Mwita wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, pamoja na Michael Marlo na Mary Paster, wameonyesha kwamba vitenzi vya Kikurya havitofautiani kwa toni ya mzizi. Wakati wa tendo ndio huamua toni ya juu ianzie wapi: kwenye kipigo cha kwanza cha shina, cha pili, cha tatu au hata cha nne, kipigo kikiwa kipimo cha urefu wa silabi. Msemaji anahesabu vipigo na kukaza msuli kwa wakati wake, huku akifikiria ng'ombe wake na wala si shingo yake. Wanaisimu wa nchi nyingi wameandika juu ya jambo hili, kwa sababu ni nadra duniani.

Hata jina la lugha lina fiziolojia yake. Wakurya wenyewe huiita Igikuria. Majirani zao Wagusii wa Kenya huiita yao Ekegusii. Kwa Wagusii "k" ya kiambishi imebaki. Kwa Wakurya imegeuka "g", kwa sababu mzizi unaanza na "k", na lugha nyingi za ukanda huu hukwepa silabi mbili zinazofuatana zinazoanza na konsonanti zisizotetemesha nyuzi za sauti. Wanaisimu huita hiyo kanuni ya Dahl, kwa heshima ya Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Unyamwezi mwanzoni mwa karne ya 20.

SIKIO NA UBONGO

Ni nani basi anayeufundisha ulimi njia hizi? Ni sikio, tena mapema sana. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa Kanada wa miezi 6 hadi 8, waliolelewa kwa Kiingereza, waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzisikia tofauti. Walipofika miezi 10 hadi 12 uwezo huo ulikuwa umefifia. Kabla mtoto hajasema neno lake la kwanza, sikio limekwisha chagua sauti za nyumbani.

Ubongo nao huzipangia zamu. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa alichoambiwa lakini hakuweza kutamka ila silabi moja. Alipokufa, Broca alikuta jeraha sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo. Ulimi wa mtu huyo ulikuwa mzima. Kilichoharibika ni mahali pa kuuamuru.

Lakini kuchagua sauti za nyumbani si kufungiwa ndani yake. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 akisema Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12 hivi, na Kiswahili alikijifunza huko. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare. Ulimi ulioanza na lugha ya kijiji cha Mara uliongoza taifa kwa Kiswahili.

YANAYOHITAJI DAKTARI

Sasa nifike kwenye yale tunayoyanyamazia.

Ya kwanza ni mdomo sungura na kaakaa lililo wazi. Kaakaa la mtoto huungana tumboni kati ya wiki ya 6 na ya 9 ya mimba. Lisipoungana, kinywa na pua hubaki chumba kimoja. Duniani huzaliwa kama mtoto mmoja katika 700 akiwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa au wa vyote viwili. Si laana, wala si kosa la mama. Mtoto huyo hawezi kutamka vizuri "p", "b", "t", "k" wala "s", kwa sababu sauti hizo zinataka hewa ijikusanye kinywani, na yake inavuja puani. Mdomo huweza kushonwa kuanzia miezi mitatu hivi, na kaakaa ni vizuri lizibwe kabla mtoto hajatimiza mwaka na nusu, ili aanze kusema akiwa na kinywa kilichofungwa vyema. Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, hufanya upasuaji huo.

Ya pili ni kukata kimeo. Bado wapo wazazi nchini wanaompeleka mtoto mwenye kikohozi akakatwe kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kikohozi kinatoka mapafuni au kwenye njia ya hewa, na kimeo hakikisababishi. Kisu kichafu huleta kutokwa damu, pepopunda na maambukizi mengine. Tena kimeo ni ncha ya kaakaa laini, lile pazia linalopanda kufunga njia ya pua. Mkataji akipitiliza, mtoto aliyezaliwa mzima ataanza kusemea puani maisha yake yote.

Ya tatu ni sauti iliyokwama. Mwalimu anayefundisha darasa lenye watoto wengi, mhubiri, mpiga debe, wote huzigonganisha nyuzi zao kwa nguvu kutwa nzima, na huweza kupata vinundu. Kupumzika na kunywa maji husaidia. Lakini sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, usiendelee kutafuna tangawizi. Nenda hospitali koo litazamwe, hasa ukiwa mvutaji wa sigara, kwa kuwa kansa ya zoloto hujitangaza hivyo. Na mwenye rovu asikilize pia: ile neva ya twiga niliyoisimulia hupita nyuma kabisa ya tezi ya shingo. Rovu likikua, au upasuaji ukiigusa neva, sauti hufifia. Mwambie daktari wako mapema ukiona sauti inabadilika.

Ya nne ni kiharusi. Mtu mzima akianza ghafla kukokota maneno, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea, hajarogwa wala hajalewa. Sehemu ya ubongo wake inakosa damu, na kila dakika ina thamani. Apelekwe saa hiyohiyo.

Ya tano ni mtoto asiyesema kwa sababu hasikii. Akitimiza mwaka hajageuka anapoitwa, pimeni masikio kabla ya kumwita mjinga.

Na kigugumizi kiko peke yake. Ulimi wa mwenye kigugumizi hauna kasoro. Mpangilio wa amri kutoka ubongoni ndio unaokwama, na mara nyingi hurithiwa. Watoto wengi hukiacha wakikua. Kumpiga, kumkatiza au kummalizia sentensi humzidishia. Msubirini amalize.

NENO LA MWISHO

Walimu wenzangu, lafudhi fundisheni kwa kuonyesha: ulimi unakaa wapi, midomo inafanya nini, hewa inatokea wapi. Kioo kidogo na kidole shingoni vinatosha, na havihitaji bajeti. Lugha ya nyumbani msiiadhibu, kwa sababu ndiyo iliyomzoeza mtoto irabu saba, toni na "gh" ambayo wengine wanaitafuta.

Wazazi, mtoto mchanga akizaliwa, ombeni mkunga aangalie kaakaa lake kwa tochi, si midomo tu, maana kaakaa linaweza kuwa wazi huku midomo ni mizima. Likiwa wazi, anzeni safari ya matibabu mwaka huohuo. Waliochelewa nao wasikate tamaa, maana hata mtu mzima hufanyiwa upasuaji na akasaidika. Na wembe wa kimeo ukataeni kwa maneno yaliyo wazi, hata kama anayeushika ni mtu wa ukoo.

Nanyi vijana, mwenzenu akiteleza kwenye "l", msahihisheni kwa heshima kisha muendelee na mchezo. Nimemaliza. Mwenye swali na aulize.